Mabango ya skrini Mombasa yawekewe kiwango cha mwangaza na saa za kuzimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niihimize Serikali ya Kaunti ya Mombasa, pamoja na wawakilishi wadi wetu, itunge kanuni zinazotaja waziwazi bango la biashara liruhusiwe kung'aa kiasi gani usiku na lizimwe saa ngapi. Mamlaka hayo kaunti inayo tayari, kwani Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia kaunti udhibiti wa matangazo ya nje, na likayataja pamoja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma.

Tatizo limekuja na skrini za LED. Bango la zamani lilimulikwa kwa taa chache, lakini skrini yenyewe ndiyo taa, tena hubadilika rangi kila baada ya sekunde chache. Ili picha ionekane kwenye jua la mchana, skrini huhitaji maelfu ya kandela (kipimo cha mwangaza) kwa kila mita ya mraba, ilhali usiku 300 hivi hutosha mjini. Mwenye bango asipoweka kifaa cha kupunguza mwanga giza linapoingia, mtaa mzima humulikwa kwa nguvu iliyokusudiwa kushindana na jua.

Dereva wa tuktuk au bodaboda anayepita mbele ya skrini kali, kisha akaingia kipande cha barabara kisicho na taa, hubaki kwa muda haoni vizuri, na huenda wakati huohuo kuna mtu anavuka. Wazee wenye mtoto wa jicho huumia zaidi, kwa sababu mwanga hutawanyika ndani ya jicho. Nyumba yetu inatazamana na bango la namna hii. Mapazia mazito huzuia mwanga, lakini huzuia pia upepo wa bahari, na aliyewahi kulala Mombasa mwezi wa Februari anajua adha yake.

Kwenye fukwe za kaskazini, ambako kasa hutaga, kuzima mapema hakutoshi. Vitoto vya kasa hutoka mchangani usiku na kuelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Bango likiwaka nyuma ya ufuo, huvivuta kuelekea barabarani. Huko mabango yasielekezwe baharini kamwe.

Kanuni za kelele za 2009 hutenganisha mchana na usiku, na usiku huhesabiwa kuanzia saa 2. Sioni kwa nini mwangaza usipimwe vivyo hivyo. Nchini Ufaransa, tangu 2022, matangazo ya mwangaza hutakiwa kuzimwa kati ya saa 7 usiku na saa 12 asubuhi katika miji yote, ukiondoa maeneo machache kama viwanja vya ndege. Sisi tungeweza kuanza na saa 5 usiku katika mitaa ya makazi, na kuyaacha maduka ya dawa na hospitali zinazohudumia wagonjwa usiku kucha.

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Naomba vikao vya maoni kuhusu jambo hili vifanyike katika kila wadi yenye mabango hayo, na wenye mabango watakiwe kuja na vipimo vya mwangaza vilivyochukuliwa usiku.

Mkazi wa Kisauni,
Mombasa