Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Tume ya mikopo ianze na vitabu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Dodoma.

YAH: OMBI LA TUME YA UCHUNGUZI WA MWENENDO WA BENKI NA WAKOPESHAJI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wahasibu na watunza vitabu wa vyama vya akiba na mikopo hapa Tanga. Tunakuomba umshauri Mheshimiwa Rais aunde tume chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 32. Ila uzito wa barua hii uko kwenye hadidu za rejea: tume ianze na vitabu vya hesabu vya wakopeshaji, mashahidi wafuate. Ikianza na mikutano ya hadhara itavuna vilio, na kila benki itajibu kwamba hayo ni ya ofisa mmoja wa tawi, ameshahamishwa.

Tume ya Australia iliyoongozwa na Kenneth Hayne, iliyoundwa Desemba 2017, iliziandikia taasisi za fedha kwanza na kuzitaka zitaje zenyewe makosa yao ya miaka kumi. Mashahidi walipoitwa, waliulizwa juu ya karatasi zao wenyewe. Ndivyo ilivyobainika kwamba wateja walikatwa ada za ushauri ambao hawakuwahi kupewa, na wengine waliendelea kukatwa hata baada ya kufariki. Ripoti ya mwisho, Februari 2019, ilitoa mapendekezo 76, na mamlaka zinazosimamia benki nazo hazikupona lawama. Hapa kwetu pia njia hii si ngeni: shilingi bilioni 133 za EPA, akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu, zilizolipwa kwa kampuni 22 mwaka wa fedha 2005/06 zilianikwa na ukaguzi wa hesabu.

Nyaraka ya kwanza kudaiwa iwe jedwali la marejesho la kila mkopo, likiwa na safu moja ambayo mikataba mingi haina: fedha aliyoondoka nayo mteja mkononi. Ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Tuchukue mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miezi 12. Riba ikikokotolewa juu ya deni linalobaki, rejesho ni kama 103,500 kwa mwezi na riba yote haifiki 242,000. Ikikokotolewa juu ya mkopo mzima hadi mwezi wa mwisho, kana kwamba mteja hajarudisha hata senti, riba inakuwa 420,000 na rejesho 118,333. Hapo bei halisi ya mkopo ni karibu asilimia 5.9 kwa mwezi, ingawa karatasi bado inasema 3.5. Sasa kata mbele ada ya asilimia 5 na bima ya asilimia 2. Mteja anaondoka na 930,000, analipa rejesho lile lile, na bei halisi inafika takribani asilimia 7.2. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kumkamua mkopaji, si lazima utoke uchochoroni. Unaweza kuandikwa vizuri, ukapigwa na muhuri.

Kwa walimu na watumishi wengine wanaokatwa kwenye mshahara, tume itazame zaidi mikopo ya kuongezewa. Mtu anadaiwa 4,000,000, anapewa mkopo mpya wa 6,000,000 unaofuta ule wa zamani. Fedha mpya ni 2,000,000 tu, lakini ada ya asilimia 2.5 inatozwa juu ya milioni sita: 150,000, yaani asilimia 7.5 ya alichopokea. Bima inalipwa upya wakati ya zamani haijaisha, na salio la ile ya zamani halirudi. Tume idai orodha ya mikopo yote iliyofutwa na mkopo mwingine ndani ya miezi 12, pamoja na kiasi cha bima kilichorudishwa kwa wateja. Tunashuku safu hiyo ya pili itakuwa tupu sana.

Liko na suala la wakopeshaji wanaoshikilia kadi za benki na namba za siri za wateja. Hili watu hulilalamikia kwa mdomo, na ushahidi wake uko ndani ya mashine ya ATM, inayoandika kadi, saa na kiasi kwa kila muamala. Wachunguzi wasikimbilie kadi tofauti zilizofuatana dakika chache, kwa sababu foleni ya siku ya mshahara nayo huonekana hivyo hivyo. Watafute kundi lile lile la kadi za watu wasiohusiana linalorudi pamoja mwezi hadi mwezi, kila moja ikikombwa karibu mshahara wote. Kisha wadai picha za kamera. Picha hizo hufutika zenyewe baada ya muda, kwa hiyo amri ya kuzihifadhi itoke siku ile ile tume inapotangazwa.

Benki zitasema sheria inazifunga kutunza siri za wateja. Ni kweli, na jibu ni jepesi: majina yaondolewe, kila mteja apewe namba. Hesabu haihitaji jina.

Tunajua kwamba Benki Kuu hukagua, na kwamba Novemba 2024 ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zisizo na leseni. Tunaipongeza. Lakini tume lazima iulize pia malalamiko yaliyofika kwa msimamizi yaliishia wapi, na msimamizi hawezi kujiuliza swali hilo mwenyewe.

Kuhusu vikao, Benki Kuu haina tawi Tanga. Tume ikae mjini hapa na Korogwe pia, maana mtu wa Lushoto au Kilindi hatalala njiani kwa ajili ya dakika kumi za ushahidi. Vikao viwe kwa Kiswahili, na mkataba wowote wa Kiingereza utakaosomwa ufasiriwe mbele ya mteja aliyeusaini. Wiki ya mshahara iachwe, kwani mashahidi wengi watakuwa benki.

Majedwali ya hesabu tulizotaja tumeyaandaa kwa ajili ya katibu wa tume.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wahasibu na watunza vitabu wa vyama vya akiba na mikopo,
Tanga.