Shukrani kwa kaka wa buti za kijani

Kaka yangu, jina lako sikulishika, nawe hukukaa ukaulizwa. Ulifika Katesh siku chache baada ya tope la Mlima Hanang kutushukia, Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023, ukiwa na beleshi lako mwenyewe na buti za mvua za kijani. Wengine walikuja na kamera (nao ahsante, picha zao zilileta unga na mablanketi). Wewe uliingia nyumbani kwa mama, tope likiwa usawa wa dirisha, limejaa mawe na magogo, ukaanza kuchimba. Ulipoifikia cherehani yake, uliiosha kwa maji ya ndoo, ukamtuma mtoto akatafute mafuta. "Tope likikaukia humu, basi tena," ulisema. Mama bado anashonea sare za shule kwa cherehani hiyohiyo.

Tulisikia kwamba mwaka uliofuata, Rufiji ilipofurika, ulikuwa huko pia, unavusha wazee kwa mtumbwi. Sikushangaa hata kidogo.

Mama anakusalimu sana. Shati uliloliacha kwenye kamba lipo, limefuliwa, na kola iliyochakaa ameigeuza. Ukipita njia ya Singida, lifuate.