Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, 2025: Pac-12 Mpya na Wakimbiaji Wetu

Ndugu wanachama,

Habari za fedha mtazipata kwa mhazini. Mimi nitajibu swali mliloikabidhi kamati: kati ya vyuo vya Pac-12 mpya, ligi ya michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, vipi vinawafaa watoto wetu wanaokuja Marekani kwa ufadhili wa riadha?

Kwa wasiofuatilia: ligi hiyo iliyoanza mwaka 1915 ilibomoka mwaka 2024. Vyuo 10 vilihama kufuata pesa za televisheni, hata Stanford ya California ikajiunga na ligi ya pwani ya Atlantiki. Wakabaki wawili, Washington State na Oregon State. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inataka ligi iwe na vyuo visivyopungua 8 vyenye futiboli ya Kimarekani, na iliwapa wawili hao muda wa nyongeza hadi kiangazi cha 2026. Ndiyo maana wameitwa Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, Utah State, Gonzaga, na mwezi Juni mwaka huu Texas State.

Waliochagua walikuwa na hesabu zao. Texas State iko San Marcos, kati ya Austin na San Antonio, na huko watazamaji wamejaa. Gonzaga haina futiboli, ila timu yake ya mpira wa kikapu ilifika fainali ya taifa mwaka 2017 na 2021.

Hesabu yetu ni nyingine. San Diego State na Oregon State hazina timu ya riadha ya wanaume. Mwenye binti aulize, mwenye mvulana asipoteze muda. Colorado State iko Fort Collins, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtoto aliyekulia Iten au Mbulu atapumua vizuri. Gonzaga iko Spokane, jirani kwa basi na Pullman, mji wa Washington State. Ukienda San Marcos kutoka Pullman ni zaidi ya kilomita 2,000, na mitihani haisubiri ndege.

Washington State ndicho chuo cha Henry Rono, Mkenya aliyevunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Juni mwaka huu chuo hicho kilifuta michezo ya kurusha na kuruka, kikaelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Kwa wakimbiaji wetu ni neema. Mwenye ndoto za Julius Yego, mrusha mkuki, atafute kwingine.

UTEP, Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, haikuitwa. Mwaka 2026 inaingia ligi nyingine, Mountain West. Hicho ni chuo cha Mtanzania Suleiman Nyambui, mshindi wa fedha ya mita 5,000 Moscow 1980, na kilitwaa ubingwa wa NCAA wa mbio za nyika miaka minne mfululizo, 1978 hadi 1981. Ningekuwa na kura, ningeanza nacho. Sikuulizwa.

Kamati inapendekeza Washington State, Colorado State na Gonzaga, kwa sharti moja. Tangu msimu huu, vyuo vilivyokubali kuwalipa wanamichezo vimewekewa kikomo cha wakimbiaji 17 kwa timu ya nyika. Kabla mtoto hajasaini, mzazi amuulize kocha kwa maandishi: nafasi yake ipo ndani ya hao 17, na akiumia goti ufadhili unaendelea? Orodha ya maswali iko kwa katibu, kwa Kiswahili na Kiingereza.