Mzee wetu wa roketi
Mhariri,
Juzi hapa Malindi tulikutana ufuoni kumkumbuka marehemu mzee wetu mpenda anga, kahawa na mahamri tele, watu wakaleta darubini kila mtu achungulie mwezi na wallahi foleni ilikuwa ndefu kuliko ya biriani. Mzee alikuwa hachoki kusimulia vile pale Ngomeni roketi ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 na setilaiti ikaitwa Uhuru sababu ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, nayo setilaiti hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani. Vijana wengi hawajui, wanaona yale majukwaa ya chuma baharini, ambayo Waitaliano walirushia roketi, wanadhani ni ya mafuta. Si kaunti iweke hata kibao basi, ama tungoje Waitaliano?
Msomaji, Shela, Malindi