Barua kwa mdogo wangu anayebaki kwenye gari

Mdogo wangu,

Siku hizi unaegesha kule chini ya mwarobaini, sio tena karibu na geti. Nimeliona. Unamshusha Baba, unamshika mkono mpaka ngazi ya kwanza, unampa fimbo yake, unarudi kwenye gari na kupandisha vioo. Ibada ikiisha na mnada wa mikungu ya ndizi na mayai ukianza, unatokeza kumchukua kana kwamba ulikuwa ndani muda wote. Miezi kumi na minne sasa. Sikuandikii kukusema. Kukusema wapo wengi usharikani wanaoifanya kazi hiyo bila malipo.

Ile jioni barazani uliniambia, "Dada, siwezi kusimama nikaimba nisichokiamini. Huo ni unafiki." Chai ikawa inafurika jikoni, nikapata kisingizio cha kuondoka. Jibu sikuwa nalo.

Kuna jambo sikukuambia. Mwaka mzima baada ya kumzika Mama, tulipokuwa tukisali Baba Yetu, tukifika "mapenzi yako yatimizwe" mimi nafunga mdomo. Wenzangu wanapita, nawasubiri mbele, pale kwenye "utupe leo riziki yetu." Riziki niliweza kuiomba. Lile jingine lilinikwama kama mwiba wa samaki. Nilikuwa na hasira na yule mtumishi aliyetuambia Mama keshapona, kilichobaki ni imani yetu tu. Tukafunga kavu siku tatu, wewe na mimi. Alhamisi Mama akafariki. Kisha msibani tukaambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Na mimi maneno hayo nimeshawapa wafiwa wengi, Mungu anisamehe. Sasa nikienda msibani nabeba sukari na majani ya chai, naingia uani kuosha vyombo, basi.

Nataka umsome tena Yohana Mbatizaji, Mathayo 11. Usimsome kama tulivyofundishwa kwenye kipaimara, haraka haraka ili tukariri. Msome ukijua alipo. Yuko kifungoni kwa kumwambia Herode kwamba si halali kuwa na mke wa nduguye. Mwanahistoria wa Kiyahudi, Josephus, anaitaja ngome yenyewe: Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi, nchi ambayo leo ni Yordani. Na mfungwa huyu si mtu wa pembeni. Ndiye aliyembatiza Yesu, akamwonyesha kwa watu kuwa ni Mwana-kondoo wa Mungu. Sasa anawatuma wanafunzi wake wakaulize, "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?"

Hebu fikiria mchungaji wetu aulize swali hilo madhabahuni. Wazee wa kanisa wangekaa kikao usiku huohuo.

Jibu la Yesu ndilo lililonishika. Anasema vipofu wanaona, viwete wanakwenda, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa habari njema. Mengi ya hayo yanatoka kwa nabii Isaya. Lakini alipokuwa Nazareti, katika Luka 4, Yesu alisoma kwa Isaya huyohuyo kwamba ametumwa "kuwatangazia wafungwa kufunguliwa kwao." Rudi kwenye orodha aliyopelekewa Yohana, uhesabu. Wafungwa hawamo. Na aliyeuliza ni mfungwa.

Nilipoliona hilo mara ya kwanza niliifunga Biblia, nikaenda kufua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Yohana aliyakulia maandiko, pengo lile asingelikosa. Alichojibiwa ni kwamba mambo makubwa yanatendeka kweli, ila yeye hatatoka. Hakutoka. Kichwa chake kililetwa katika kombe.

Lakini endelea mistari michache zaidi, usiishie hapo kwa uchungu kama nilivyoishia mimi. Wajumbe wanaondoka, bado hawajafika mbali, Yesu anawageukia watu na kusema katika wazao wa wanawake hajaondokea mtu mkuu kuliko Yohana Mbatizaji. Angeweza kulisema siku ya ubatizo, mbingu zilipofunguka na umati upo. Kalisema siku Yohana alipouliza. Swali halikumpunguzia kitu. Na Yohana, kwa jinsi alivyobanwa, alilipeleka kwa mhusika mwenyewe. Mimi na wewe tumeuliza kila mtu: tumeulizana, tumemuuliza daktari, wewe umeiuliza simu yako mle garini. Mwenyewe tumemnunia.

Kuhusu unafiki: mle ndani tunaosimama hatujamaliza maswali. Mathayo 28 inasema wanafunzi walipomwona Yesu mfufuka kule mlimani Galilaya walimsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka." Walimsujudia, huku shaka ipo. Hakuwatenga mafungu mawili. Aliwatuma wote. Paulo naye anawaandikia Wakorintho, "twaona shaka, bali hatukati tamaa," na huyo ni mtume.

Mimi leo natamka "mapenzi yako yatimizwe", kwa sauti ndogo, na kuna Jumapili bado linanikwama. Wengine wakilitamka nalisikia, nawaachia wanibebee.

Sikuombi uingie Jumapili hii. Baba naye hakuombi. Anachofanya ni kutia fedha kwenye bahasha yako ya ahadi kila mwezi, na akiulizwa anasema mwanangu yuko nje, anakuja.

Jingine. Juzi nilipopanda gari lako kwenda sokoni nilifungua ile droo ya mbele kutafuta karatasi ya bima. Kitabu cha nyimbo cha Mama nilikiweka humo mwenyewe baada ya arobaini, nikakifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuukaza fundo. Mfuko haupo. Kitabu kipo, na katikati yake kuna risiti ya mafuta ya wiki iliyopita.

Sikukifungua nione ni wimbo gani.

Dada yako