Ahadi ya mbunge iandikwe na kutiwa saini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie suala la ahadi za wabunge, ambazo sisi wakazi wa Dodoma, yalipo makao ya Bunge, huzisikia kila uchaguzi zikitolewa jukwaani kwa kipaza sauti na kuishia hapo hapo.

Februari 1982, nchini Ayalandi, mwalimu Tony Gregory alichaguliwa mbunge wa Dublin akiwa mgombea binafsi, jambo ambalo kwetu sheria hairuhusu. Kwa kuwa hakuna chama kilichopata wingi wa viti, Charles Haughey, aliyeutaka uwaziri mkuu, alilazimika kujadiliana naye. Gregory hakudai cheo. Alidai nyumba, ajira na shule kwa mitaa maskini ya katikati ya jiji, makubaliano yakaandikwa na kutiwa saini, kisha akayasoma bungeni ili yaingie katika kumbukumbu rasmi. (Hakuwa mtu wa kuvaa tai, hata bungeni, lakini hilo halikumpunguzia uzito.)

Serikali ile ilianguka kabla ya mwaka kwisha na sehemu ya makubaliano haikutekelezwa, ila wapiga kura waliendelea kumrudisha bungeni hadi alipofariki Januari 2009.

Napendekeza wagombea wetu, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa, wabandike ahadi zao zenye saini kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, na anayeahidi kisima ataje kijiji na mwaka.

Msomaji wako,
Chang'ombe, Dodoma