Huko Jua Huchelewa Kuchwa

Ngamiani, Tanga
14 Juni 2025

Mwanangu Mwanaisha,

Asalaam alaykum. Nimeona bora nikuandikie, maana kila nikitaka kusema nawe mama yako anatukatiza na habari za sanduku. Basi la sanduku nimemwachia yeye. Mimi nina neno moja kubwa la kukwambia kuhusu Bristol, huo mji wa Uingereza unakokwenda kusoma, na madogo yatajichomeka humo humo kadiri yanavyonijia.

Mwaka 1999 nilipopelekwa kule kwa mafunzo ya wiki kumi, nilifika mwanzoni mwa Juni. Darasa lilikwisha saa kumi jioni. Nilikuwa nakula, naingia chumbani, na ikifika saa kumi na mbili navuta pazia. Ndivyo nilivyolelewa na bibi yako: magharibi ikiingia, mtu awe kwao. Lakini kule saa kumi na mbili ya jioni jua liko juu kama la saa kumi hapa Tanga. Linachwa saa tatu na nusu usiku! Na hata likishachwa, weupe unabaki angani muda mrefu. Nimelala mchana mweupe siku ishirini na moja, nyuma ya pazia, nikisikia watoto wa watu wanacheza mpira nje, na mimi machozi yananitoka kwa upweke. Wiki tatu katika kumi nilizojaliwa. Mpaka leo zinaniuma.

Neno langu ndilo hilo: usijifungie. Ukirudi darasani weka mkoba, vaa viatu vya kutembelea, toka. Mwezi wa Julai utakuwa na saa nne, tano za mwanga kila jioni, na hakuna atakayekuletea chumbani. Wala hazidumu. Kila siku utapunjwa dakika mbili, tatu. Wiki ya mwisho ya Agosti, ukiwa unafunga mizigo, jua litakuwa linachwa saa mbili. Kwa sala fuata ratiba ya msikiti wa hapo, usipige hesabu ya nyumbani, kwa sababu Isha huko huchelewa mno na alfajiri huwahi mno, na usiku wenyewe ni kipande tu.

Aliyenitoa chumbani ni mzee mmoja niliyekutana naye Easton, mtaa wa St Mark's Road. Nilikwenda kutafuta nyama ya halali siku ya Ijumaa. Nikasimama mbele ya mapipa ya viungo katika duka la Sweet Mart, nashika bizari, nanusa, naiweka. Nyuma yangu sauti ikauliza, "Kijana, umetoka pwani gani?" Kwa Kiswahili, mwanangu. Mhindi wa Jinja, mvi kichwa kizima, mmoja wa wale waliofukuzwa na Amin mwaka 1972. Hata wenye duka lile ni watu wa msafara huo huo wa Uganda. Nilishindwa kumjibu mara moja, koo ilinibana. Alinichukua tukaswali pamoja, kisha akanitembeza mpaka saa tatu usiku, jua lipo. Nenda mtaa ule wiki yako ya kwanza, usingoje ya nne kama mimi. Msikiti upo hapo hapo, mchele upo, ndizi za kupika zipo, na barabara ya jirani, Stapleton Road, utakuta maduka ya Wasomali. Yule mzee ameshatangulia mbele ya haki. Mwombee.

Watu watakwambia Waingereza hawana salamu. Si kweli, ila salamu yao ni fupi. Akikuuliza "You all right?" hakuulizi habari za nyumbani, wala watoto, wala kazi, anataka umrudishie neno moja na tabasamu. Usianze kumweleza kuwa kifua kinakubana. Bristol wana lao jingine: muuza duka wa makamo, mwanamke au mwanamume, anaweza kukuita "my lover". Usiruke, hakutongozi, ni kama mtu wa hapa anavyosema "mwanangu" kwa mtoto asiye wake. Na ukishuka kwenye basi mwambie dereva "Cheers, drive". Kila mtu wa mji ule husema. Mara ya kwanza nilisema kwa hofu, dereva akaniinulia mkono, na njia nzima mpaka nyumbani nilijiona mtu miongoni mwa watu.

Tembea kwa miguu. Mji si mkubwa, ingawa una vilima vya kuchosha goti. Anza Corn Street, uitazame saa iliyo juu ya mlango wa jengo la Exchange. Ina akrabu mbili za dakika. Moja ni ya saa za London, nyingine imeachwa nyuma dakika kumi, ndiyo saa ya Bristol yenyewe, kwa sababu mji uko magharibi na jua huufikia baadaye. Walikuja kuzifuata saa za London rasmi mwaka 1852 tu, baada ya reli. Nilipoiona nilifurahi sana, maana na mimi nilikuwa natembea na saa mbili kichwani, nikiambiwa "nine" natafsiri saa tatu.

Toka hapo shuka bandarini. Hapa nivumilie, ndiyo kazi iliyonilisha. Mto Avon unapotokea baharini, maji ya bamvua hupanda na kushuka mita 12 na zaidi. Hapa kwetu ni mita tatu na kitu. Fikiria meli za zamani: maji yakipwa zinakaa kwenye tope kama ng'ombe waliochoka. Mwaka 1809 wakakamilisha kazi ya kuufungia mto malango, maji yakabaki ndani muda wote na meli zikawa zinaelea. Ukipanda Clifton, kwenye lile daraja refu la minyororo lililofunguliwa 1864, tazama chini maji yakiwa yamepwa, uone tope linavyong'aa. Daraja unalivuka kwa miguu bila kulipa. Tope lile usilikanyage kamwe, humeza mtu. Wala usiige vijana wanaojirusha bandarini siku za joto. Wewe umejifunza kuogelea Raskazone kwenye maji ya vuguvugu, na baridi ya yale hukata pumzi ya mtu hata mwezi wa Agosti.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi nilipita mbele yake kila siku bila kulijua. Katikati ya mji palikuwa na sanamu ya mtu wa shaba, kajiinamia, kashika fimbo. Edward Colston. Nilidhani ni mwanachuoni au mwalimu wa kale. Kumbe utajiri wake ulichangiwa na biashara ya kuuza watu wa Afrika Magharibi, na meli za mji ule zilivusha watu zaidi ya laki nne kwenda utumwani. Tarehe 7 Juni 2020 watu wakaifunga kamba, wakaiangusha, wakaiburuta mpaka bandarini, wakaitumbukiza. Ilitolewa majini, na sasa iko kwenye makumbusho ya M Shed pale gatini, imelazwa chali, na rangi walizoipaka bado zipo. Kuingia ni bure. Nenda. Kisha vuka Pero's Bridge, lile daraja lenye pembe mbili kubwa kama mabarugumu. Lilifunguliwa mwaka ule ule niliokuwa kule. Pero alikuwa mtumwa kutoka kisiwa cha Nevis, akamtumikia tajiri Pinney katika nyumba ya Great George Street, ambayo nayo ni makumbusho sasa. Sisi tuliozaliwa karibu na Bagamoyo na Pangani hatuwezi kuyapitia haya kama watalii. Simama kwenye lile daraja dakika chache, umsomee Fatiha hata kama dini yake huijui.

Na kituo kikuu cha mabasi utakachoshukia ukitoka Heathrow, tafuta kibao ukutani. Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya mji ilikuwa haiajiri weusi wala Wahindi kuwa madereva na makondakta. Kijana Guy Bailey alipangiwa usaili. Waliposikia ni mtu wa Jamaika, usaili ukafutwa. Paul Stephenson na wenzake wakawaongoza watu kuyasusa mabasi karibu miezi minne, mpaka tarehe 28 Agosti kampuni ikakubali. Nakwambia haya ili ukikutana na mtu wa kukutazama kwa dharau, na huenda ukakutana naye, ujue kiti hicho cha basi ulichokalia kimelipiwa na watu. Kalia vizuri.

Mengine nayataja upesi. Mama yako anakausha nyama na ameshaagiza samli. Mwambie nimekataa: nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu haviingii kule, watavitupa uwanjani. Viungo, kashata na tambi sawa. Usipokee kifurushi cha mtu yeyote, hata jirani, hata ndugu. Mirungi ni kosa la jinai hapa kwetu, na kule pia tangu 2014. Viza yako ya matembezi hairuhusu kazi. Ukipata rafiki akakwambia kuna mgahawa unatafuta mtu wa kuosha vyombo siku mbili, mkono kwa mkono, kataa. Siku hizo mbili zinaweza kukufungia mlango wa Uingereza kwa miaka. Pesa ukipungukiwa niambie mimi.

Soketi zao ni kama zetu, pini tatu. Maji ya bomba yanyweke. Magari yanakwenda kushoto kama hapa, na kwenye pundamilia yanasimama kweli, ila wewe hakikisha kwanza. Chukua sweta, na koti jepesi la mvua. Mwavuli upepo utauvunja. Ukianza kupiga chafya mfululizo na macho yanawasha, usidhani ni mafua, ni unga wa maua ya nyasi. Nenda duka la dawa, mfamasia atakushauri bila kudai hela. Ukiugua sana piga 999, la kati na kati piga 111, na bima ya safari iwe kwenye mkoba wa mkononi. Jumapili maduka makubwa hufunguliwa kwa muda wa saa sita tu, nunua vya kupika Jumamosi. Na chipsi usile ukitembea bandarini: wale shakwe ni wezi kuliko kunguru wa hapa, na ni wakubwa zaidi.

Mwezi wa Agosti kuna siku wanarusha maputo ya hewa moto kule Ashton Court, alfajiri na jioni. Mimi niliyaona yakipita juu ya paa asubuhi moja, kimya kabisa, ila ile sauti ya moto unaovuta pumzi. Amka mapema uyaone.

Kule mtakuwa nyuma yetu kwa saa mbili. Jioni yako ya kwanza shuka mpaka Pero's Bridge, na ikifika saa tatu nipigie kwa picha, unigeuzie simu niyaone maji na jua likiwa bado juu ya mapaa. Hapa itakuwa saa tano. Sitalala.

Ni mimi baba yako